Kilo za Siwatu

Niseme mapema kabisa, kabla hamjaanza kununa: mimi sina ugomvi na serikali ya Neemani. Serikali ya Neemani ni bora kuliko zote duniani. Imesema yenyewe, tena mara nyingi, tena kwa vipaza sauti. Mimi ni fundi cherehani tu wa hapa mjini Kitopeni, jina langu Zawena, na haya nayasimulia kwa sababu watu wameniona nguo zinavyonipwaya wakaanza kunong'ona. Haya, nong'oneni, lakini nong'oneni mkiwa na habari yote.

Mafua ya ng'ambo yalipoingia nchini, Mtukufu Rais alitangaza kwamba hayajaingia. Yalipozoa watu wa mtaa wa pili, akatangaza kwamba yameingia lakini kwa adabu. Baadaye vikaletwa vipimo kutoka nje, makontena mawili. Kamati ya Taifa, kwa umakini wake, ikasema haiwezekani raia wetu wapimwe na vipimo ambavyo vyenyewe havijapimwa. Vikapimwa. Vikakutwa vinaumwa. Vikawekwa karantini hukohuko bandarini, na mpaka leo havijaonyesha dalili ya kupona.

Basi tukakaa bila vipimo. Ndipo Waziri wa Afya, akiwa bafuni (alilisema mwenyewe redioni, hatukumuuliza), akapata wazo. Mgonjwa hukonda. Kwa hiyo aliyekonda ni mgonjwa. Na kila wilaya ya Neemani ina ghala la ushirika lenye mizani ya kupimia korosho, na msimu wa korosho ulikuwa bado.

"Wenzetu wa ng'ambo," Waziri akasema, "wanachokonoa pua za watu. Sisi tutampima raia mzimamzima, bila kumdhalilisha!"

Ikatoka amri. Kila Jumatano kila raia afike ghalani, apimwe, aandikiwe kwenye Kadi ya Uzito. Jumatano ya kwanza ilikuwa ya kujua kila mtu ana kilo ngapi. Kuanzia ya pili, atakayepungua kilo, hata moja, ameambukizwa, na atapelekwa Chuo cha Ualimu, ambacho kilikuwa kimegeuzwa kuwa Kituo cha Kurejesha Kilo. Humo mgonjwa alilishwa ugali na maharage mara tano kwa siku, analala, anaamshwa, analishwa, mpaka kilo zake zirudi. Zikirudi, amepona. Tiba hii iliwafaa watu wote isipokuwa wale waliokuwa wanaumwa kweli. Mtaani kwetu nawajua wanaume watatu waliofunga kula tangu Jumapili ili Jumatano wawahi kuugua.

Sasa, katika kipindi hichohicho, shoga yangu Siwatu akatakiwa akonde.

Siwatu ni mwalimu wa chekechea, mama mnene, mcheshi, akicheka mpaka benchi linacheka. Ana mdogo wake mmoja tu, Hamduni, na Hamduni figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Alikuwa anafungwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na mashine yenyewe hospitali nzima ilikuwa moja. Siwatu akajitolea figo. Akapimwa damu, ikalingana. Daktari Msellem wa Hospitali Kuu akamwita ofisini.

"Figo yako nzuri sana, mwalimu," akamwambia. "Tatizo ni kilichoizunguka. Una kilo tisini na sita. Shuka mpaka themanini. Ukizidi themanini hata kwa nusu kilo, jopo la madaktari halitaniruhusu nikufungue."

"Nina muda gani, Daktari?"

"Wewe una muda wote. Hamduni ana wiki kumi, labda kumi na moja."

Alikuja dukani kwangu moja kwa moja kutoka huko, akakaa kwenye benchi la wateja, akalia. Mkiwa, anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara, akaacha karai lake likiungua akaja. Tulipoelewa habari, tukaapa sisi watatu kwamba hatakonda peke yake, tutakonda wote. Mkiwa aliapa akiwa na andazi mkononi, lakini aliapa.

Tukaanza. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana mchicha wa kuchemsha, jioni tango na sala. Alasiri tulikuwa tunatembea mwendo wa kasi mpaka kiwanda cha chumvi na kurudi. Sheria ilitaka tuachane mita mbili, na hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko mchicha, kwa sababu umbea wa mita mbili lazima uupigie kelele. Wiki ile mtaa mzima ulijua mume wa nani ana nyumba ndogo wapi.

Siku ya sita tukampeleka Siwatu kwenye mizani ya duka la dawa. Amepungua kilo mbili! Tukapiga vigelegele, tukakumbatiana kinyume cha sheria. Halafu Mkiwa akatuachia.

"Jamani," akasema. "Kesho Jumatano."

Kumbe tulikuwa tunamponda mwenzetu kwa mikono yetu wenyewe. Akipanda mizani kesho atakuwa mgonjwa, apelekwe Chuo cha Ualimu, ashindiliwe ugali mara tano kwa siku mpaka afike palepale alipotoka. Na Hamduni anahesabu wiki.

"Basi," Siwatu akasema. "Basi tena. Mungu hakupenda."

"Mungu usimsingizie," nikamjibu kwa hasira. "Hii ni mizani tu. Vua gauni."

Nikaiahirisha kazi? La; alasiri ileile nilikaa kwenye cherehani nikamshonea gauni la ndani la kitambaa kizito cha marekani, lenye mifuko midogo ishirini na minne kuzunguka kiuno. Mkiwa akachekecha mchanga, akaukausha kwenye karai lake la maandazi. Tukajaza kilo mbili. Kesho yake Siwatu akaenda ghalani kwa utulivu, kilo zilezile.

Ghalani alikuwapo Karani Nandonde, mzee wa ushirika, miaka thelathini na moja kwenye mizani ileile. Kazi ya kupima raia walimpa yeye kwa sababu hakuna mwingine aliyejua ndoano ile inavyofungwa. Unakaa kwenye bembea ya gunia, unaning'inizwa, miguu inaelea, foleni yote inakutazama. Karani anasoma, halafu, kabla hajaandika, anakata.

Kukata ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Mkulima akileta korosho, Karani anakata kilo moja ya gunia na kilo moja ya unyevu. Alipoletewa binadamu hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu.

"Siwatu binti Chande," akasoma. "Tisini na sita. Toa gunia moja. Toa unyevu moja. Andika tisini na nne. Daraja la kwanza. Mwingine!"

"Shikamoo, Mzee Nandonde," nikamsalimia zamu yangu ilipofika. "Hivi hizi kilo mbili mbili za kila mtu huwa zinakwenda wapi?"

"Marahaba. Binti, hilo swali limewahi kuwafunga wenyeviti wawili wa ushirika. Kaa kwenye gunia."

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Siwatu akipungua kilo, tunaongeza kilo ya mchanga. Wiki ya nne mchanga kilo saba. Wiki ya saba kilo kumi na mbili. Kila Jumatano anaubeba mzigo ule kutoka kwake hadi ghalani, jua linawaka, na akirudi mzigo wenyewe umeshamkondesha tena, inabidi tushone mifuko mingine. Uso ulimsinyaa, shingo ikachongoka, lakini kiunoni alikuwa amejaa kuliko mke wa waziri. Hakuna askari aliyemuuliza kitu. Walikuwa wanatazama kadi.

Na sisi wenzake je? Nitasema ukweli, aibu yangu mwenyewe. Mimi na Mkiwa tulikuwa tunamtia moyo Siwatu kwa nguvu zote, na kutia moyo kunaleta njaa. Mkiwa alikuwa na maandazi ya jana, hayauziki, na kutupa chakula ni dhambi. Nilianza na kilo tisini kwenye kadi. Wiki ya nane nikawa na tisini na tatu, nikavishwa utepe wa kijani wa Raia Anayeendelea, na Mkuu wa Wilaya akanipa mkono akiwa amevaa glovu. Mkiwa alifika tisini na saba, yeye akapewa utepe na mwavuli. Siwatu alitupigia makofi. Hakutuambia neno baya hata moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki ya tisa mvua zikaanza.

Sasa mtu wa mjini hawezi kujua haya, lakini mtu wa korosho anajua: mvua zikianza, unyevu unapanda. Korosho zinanywa maji. Kwa hiyo kanuni ya ushirika, tangu enzi za babu wa Karani, ni kwamba mvua ya kwanza ikinyesha makato ya unyevu yanapanda kutoka kilo moja hadi kilo nne. Karani Nandonde alitazama mawingu Jumatano ile asubuhi, akavaa miwani, akafuata kanuni.

Kufikia saa sita mchana, mji wote wa Kitopeni ulikuwa umepungua kilo tatu tatu.

Watu elfu sita wameambukizwa kwa asubuhi moja! Ving'ora vikalia. Wagonjwa wakapangwa kwenda Chuo cha Ualimu, wakajaza chuo, wakajaza uwanja wa mpira, na wa kuwapeleka wakakosekana kwa sababu askari nao walikuwa wamepungua tatu tatu. Mkuu wa Wilaya akaja mwenyewe kuonyesha mfano, akaning'inizwa kwenye gunia mbele ya waandishi wa habari.

"Mia na kumi na mbili," Karani akasoma. "Toa gunia moja. Toa unyevu nne. Andika mia na saba. Jumatano iliyopita alikuwa mia na kumi. Ameambukizwa. Mwingine!"

"Wewe mzee una wazimu?" Mkuu wa Wilaya akafoka, miguu bado inaelea. "Mimi nina unyevu gani?"

"Mvua imemnyeshea kila mtu, Mheshimiwa."

Siku mbili baadaye Mtukufu Rais alihutubia taifa. Akasema ugonjwa umeshindwa. Akasema ameshiriki mkutano wa dunia kwa njia ya video na kuwaeleza wakubwa wenzake kwamba Neemani ndiyo nchi pekee ambayo, katika kipindi chote cha mafua, wananchi wake hawakupungua hata kilo moja. Uzito wa taifa ni kilo milioni mia nane na nne, na utabaki huo. "Hizi ni kilo zetu!" akasema, na ukumbi ukasimama. "Tumezipigania! Hatutakubali mtu yeyote, wa ndani wala wa nje, azichukue!"

Kwa hiyo Jumatano ya mvua ikafutwa kwenye kalenda. Uzito wa Jumatano iliyotangulia ukatangazwa kuwa uzito wa kisheria wa kila raia, milele. Nyaraka zote za serikali zifuate kadi. Atakayebishana na kadi anahujumu mizani, miaka saba.

Tukampeleka Siwatu hospitali tukiwa tunaimba. Mchanga tulishaumwaga nyuma ya nyumba. Alipanda mizani ya Daktari Msellem kwa kanga moja nyepesi, na mshale ukatulia kwenye sabini na tisa. Sabini na tisa! Hamduni alikuwa kwenye kitanda cha mwisho wodini, amevimba uso, akanyanyua dole gumba.

Daktari akashika kadi ya Siwatu. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Kadi yako inasema tisini na nne."

"Lakini Daktari, si umeniona? Si umenipima mwenyewe?"

"Mizani yangu haina mhuri. Kadi ina mhuri. Nikiandika sabini na tisa, jopo litauliza kilo kumi na tano za taifa umezipeleka wapi. Utajibu nini?"

Angejibu nini? Kwamba zilikuwa mchanga? Miaka saba yake, saba yangu, saba ya Mkiwa, na Hamduni asingefika hata mwezi.

Sikumbuki tulirudi vipi. Nakumbuka Siwatu alikuwa anatembea mbele yetu, mwembamba, mara ya kwanza katika maisha yake hana mzigo wowote, na anatembea kama kabeba gunia. Nikashindwa kuvumilia. Nikawaacha hapohapo barabarani nikaenda ghalani.

Karani Nandonde alikuwa anafagia. Nilimsimulia kila kitu, pamoja na mchanga. Ningemficha nini, mtu aliyeshika mizigo ya watu miaka thelathini na moja?

"Mchanga nilijua," akasema. "Ulikuwa unamwagika kidogo kidogo kwenye gunia langu. Nani unafikiri alikuwa anaufagia?"

"Mzee, nakuomba. Mkate. Mkate kilo kumi na nne, zibaki themanini."

Akaacha kufagia, akaegemea fagio lake.

"Wakulima wananililia nisikate tangu sina mvi," akasema. "Wewe ni wa kwanza kunililia nikate. Na siwezi, binti. Mtukufu kashaitangazia dunia. Kilo ikipotea hapa, wataitafuta." Akakaa juu ya magunia. "Lakini ghala huwa halipotezi kilo. Gunia likizidi, tunahamishia jingine. Fomu ipo. Ya korosho, lakini ipo."

Akaitoa kabatini. Gunia linalotoa, gunia linalopokea, sababu. Gunia moja lisipokee zaidi ya kilo saba, lisipasuke. Nikapiga hesabu: kumi na nne, watu wawili. Mimi na Mkiwa.

Nilipomwambia Mkiwa hakuuliza hata swali, alifungua tu aproni. Mimi ndiye niliyesita, na naomba mnisikilize kwa nini. Siku zile biashara ilikuwa imekufa. Harusi zimefungwa, nani atashona nguo? Mimi na mama yangu tulikuwa tunaishi kwa Unga wa Mtukufu, unaogawiwa kila mwezi. Na raia mwenye kilo mia au zaidi kwenye kadi hapewi, kwa sababu huyo ameshiba kisheria. Nilikuwa na tisini na tatu. Ongeza saba. Mia kamili, mia barabara! Zile kilo tatu za utepe wa kijani, zile za maandazi ya jana niliyokuwa nikiyala nyuma ya mlango wakati mwenzangu anatafuna tango, ndizo zilizonifikisha. Bila hizo ningekuwa tisini na saba, na unga wangu mkononi.

Nilitaka kuikimbia fomu ile. Nasema wazi, nilitaka. Kisha nikamkumbuka Siwatu alivyonipigia makofi nikivishwa utepe.

Tukaenda ghalani wote watatu. Karani akanining'iniza, maana fomu ilitaka gunia linalopokea lipimwe. Nikawa naelea pale juu, namtazama kwa macho ya kuomba. Kata, Mzee. Gunia moja, unyevu moja. Umemkata kila kiumbe wa wilaya hii, unikate na mimi leo, nibaki tisini na nane!

Akavaa miwani. Akasoma, akajumlisha zile saba. Akatazama mhuri, akatazama picha ya Mtukufu ukutani.

"Zawena binti Mfaume," akasema. "Andika mia."

Miaka thelathini na moja, na siku aliyopima sawasawa ikawa hiyo.

Mkiwa akaandikiwa mia na nne, akasema asante. Siwatu akaandikiwa themanini. Alishindwa kutoka mlangoni, alitushika mikono akawa anatikisa kichwa tu.

Walifunguliwa Jumatatu, yeye na mdogo wake, vyumba viwili vilivyopakana. Mimi na Mkiwa tulizuiwa getini kwa sababu ya mafua, ambayo yalikuwa yameshaisha. Tukakaa kwenye ukingo wa mtaro kutwa nzima, mita mbili, bila umbea. Alasiri Daktari Msellem akatoka nje na barakoa imening'inia sikio moja.

"Hamduni," akasema, "amekojoa."

Jamani! Mkiwa alirusha mwavuli wake wa serikali juu, akakimbia barabarani anapiga kelele, "Kakojoa! Hamduni kakojoa!" Askari wa getini akamsimamisha, akatoa daftari, akauliza nani kakojoa, wapi, na kwa kibali cha nani. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kwa kwikwi mpaka askari naye akafunga daftari.

Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Hamduni sasa anatembea mpaka kiwanda cha chumvi na kurudi, dada yake pembeni. Mkiwa maandazi yake anayauza yote, habakishi, maana hana unga wa kuchezea. Mimi na mama tunakula mlo mmoja, na Siwatu akituletea sahani, miwili. Jana nilipita duka la dawa nikajipima kwa udadisi tu. Sitini na nane. Lile lililonishinda kwa mchicha na ndimu na viapo, sasa nimeliweza.

Kwa hiyo mkiniona nimesinyaa hivi, msinionee huruma, na wala msiende kusema kwamba kuna mtu ana njaa katika nchi hii. Kadi yangu hii hapa, ina mhuri. Isomeni wenyewe: kilo mia kamili, daraja la kwanza.